Kijana asiyeamini anaweza kupokea mahari ya dada yake? (Goma)

Alto_wa_Katindo aliandika:

Bwana asifiwe kwa wanaoitikia, na habari za leo kwa wengine wote.

Nina jambo la nyumbani ambalo watu wa nyumbani tumeshindwa kulimaliza. Mimi nauza vitenge soko la Virunga, na Jumapili naimba alto kwenye kwaya ya kanisa moja la kipentekoste ambalo sitalitaja. Baba yetu alikufa zamani. Tumebaki na mama, mimi, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba wetu wa kike, ambaye mwezi ujao wanakuja kumtolea mahari. Kwetu baba akiwa hayupo, mtoto wa kiume ndiye anayekaa mbele. Anapokea bahasha, anasema maneno ya kuwapokea wageni, halafu anaiombea ile bahasha kabla ya kumkabidhi mama. Sasa huyu mdogo wangu haamini tena.

Hakutangaza. Alianza kuchelewa ibada, akaacha kwaya ya vijana (alikuwa mpiga gitaa mzuri, nasema kweli), halafu akawa anafungua duka lake la kutengeneza simu Birere hata Jumapili asubuhi. Tulinyamaza. Kilichofumua mambo ni ushuhuda wa mama.

Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na tarehe 22 Mei, mama anasimama mbele kushukuru kwa ajili ya volkano ya 2021. Anasema vilevile kila mwaka: moto ulishuka kutoka mlima Nyiragongo, ukaja, ukafika Buhene, ukingoni mwa mji, na Mungu akauambia mwisho wako ni hapa. Kanisa zima linapiga vigelegele, na sisi alto tunaingia na wimbo. Mwaka huu tulirudi nyumbani, tukakaa kwenye bugali na sambaza, na mdogo wangu akamuuliza mama, kwa sauti ya kawaida kabisa: «Mama, na wale wa Buhene, Mungu aliwaambia nini?»

Mama akanyanyuka na sahani yake. Baba yetu mdogo, ambaye ni shemasi, akamjibu kwa Zaburi ya 14, kwamba mpumbavu amesema moyoni hakuna Mungu. Mdogo wangu naye hakukaa kimya. Alisema sadaka zetu zinalisha gari la mtu, na kwamba sare za kwaya tulizoshona Pasaka zingelipa karo ya watoto wa mtaa mzima. Hizo sare nilizishona mimi. Akaondoka, na tangu siku hiyo haji tena Jumapili. Mama anapika akimhesabu, chakula kinabaki.

Sasa baba mdogo amesema kijana huyu hawezi kupokea mahari ya mtoto wa Kikristo. Mdogo wangu anasema atakuja kwa sababu ni dada yake, lakini hataomba sala asiyoiamini mbele ya wakwe, huo ungekuwa uongo. Mama analia kwa wote wawili. Nyie mngefanyaje? Na mimi niongee naye vipi bila kila neno kugeuka mashindano?

---

Yesu_ni_Jibu aliandika:

Dada mpendwa, usibembeleze roho ya kutoamini. Mahari ikipokelewa na mkono usioomba, ile ndoa umeifungulia mlango wa adui. Mpeleke kwenye kesha la Ijumaa, afanyiwe maombi ya kufunguliwa. Mungu wetu hashindwi.

---

Alto_wa_Katindo aliandika:

@Yesu_ni_Jibu asante, ndugu. Alishapelekwa. Baba mdogo alimwambia wanakwenda kumsalimu mgonjwa, kumbe ni chumba cha maombi. Wakamzunguka, wakammwagia mafuta kichwani bila kumuuliza. Alirudi kwangu na shati limelowa mafuta, akaomba sabuni, akafua mwenyewe pale uani bila kusema kitu. Sitaki kumpeleka tena popote kwa kumdanganya.

---

Fundi_Ndosho aliandika:

Dada Alto, mimi ni mmoja wa hao mnaowaita wapagani, basi labda naweza kukuonyesha upande wa pili. Nafunga umeme majumbani, nina mke Mkatoliki na watoto wamebatizwa. Mke wangu anaomba, mimi nasubiri amalize, tunakula.

Jambo la kwanza ambalo watu wa kanisa hawalioni: hapa Goma hakuna anayekuuliza kama unaamini. Wanakuuliza «unasali wapi?» Mwenye nyumba anakuuliza kabla ya kukupa ufunguo, wakwe wanakuuliza, na ukitafuta kazi ya ualimu kwenye shule iliyo chini ya kanisa wanataka barua ya mchungaji. Ukijibu kwamba husali popote, hawafikirii kuwa una maoni yako tu. Wanafikiri umeingia kwenye magie, yaani uchawi, au una utajiri wa ajabu unaficha. Mimi mwenye madeni ya waya! Ndiyo, katiba ya 2006 inasema nchi haina dini, kifungu cha kwanza kabisa, na cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri. Lakini kifungu cha 22 hakikai mezani na mama mkwe.

Kwa hiyo mdogo wako akisema neno moja kali, ujue kabla yake amemeza mengi. Simtetei kwa yale ya sare. Mtu akitoka kanisani, miezi ya kwanza anakuwa na mdomo kuliko mhubiri wa barabarani, anataka kila mtu aone alichokiona yeye. Hupungua. Mimi kwangu kulipungua siku mke wangu aliponiambia nimeanza kumchosha.

Ila kwa lile swali lake, samahani dada, alikuwa na haki. Lava ya 2021 ilisimama Buhene kwa sababu ziwa la lava kule juu lilikuwa limemwagika, na huku chini mteremko umepungua. Basi. Mwaka 2002 haikusimama: ilifunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikapita katikati ya mji, ikala na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaenda mpaka ziwani. Kama 2021 Mungu aliisimamisha, je, 2002 alikuwa wapi, na kanisa lilikuwa lake? Watu wa Buhene waliounguliwa ndio jibu la huo ushuhuda. Kila mwaka mnashangilia juu ya nyumba zao.

Kuhusu mahari: aje, akae mbele, apokee. Wakati wa sala asimame na wengine. Mimi kwenye matanga nasimama, nainamisha kichwa, nawaza mambo yangu. Haijaniua.

---

Alto_wa_Katindo aliandika:

Asante sana, ndugu Fundi. Lakini niweke jambo moja, kwa sababu naona mama yangu anaonekana kama mtu wa kushangilia maafa ya wenzake. Ushuhuda wake una sehemu ya pili, na watu wakishapiga vigelegele hawaisikii. Lava ilikuwa Jumamosi. Wiki nzima iliyofuata ardhi ilitetemeka, kuta zikapasuka, na Alhamisi tarehe 27 alfajiri gavana akatangaza kwamba mitaa kumi ya mji ihame. Wanaokumbuka ile barabara ya Sake wanakumbuka. Magari, pikipiki, chukudu (zile baiskeli za mbao za mizigo) zimebeba magodoro, wagonjwa migongoni. Katikati ya watu wale kitinda mimba wetu alituponyoka mkono. Mama alilala nje Sake bila kujua mtoto yuko wapi. Alipatikana Minova, alikuwa amefuata familia nyingine. Ndiye huyu anayetolewa mahari.

Mama anachoshukuru ni hicho. Hayo ya lava nadhani ameyaongeza kwa sababu ndiyo yanayopigiwa vigelegele.

---

Mama_wa_Buhene aliandika:

Nimesoma yote, na nimesikia jina la mtaa wangu likitajwa na kila mtu isipokuwa mtu wa huko.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao juu ya msingi wa mawe. Jioni ile ya tarehe 22 mbingu ilipoanza kuwa nyekundu, mume wangu alisema ni Nyamulagira, ile volkano ya jirani, huwa inawaka, mtoto alale. Halafu tukasikia watu wa juu wanateremka wakikimbia. Tulibeba watoto na bahasha ya vyeti vya shule, tukasahau dawa za mkwe wangu. Kesho yake asubuhi tuliporudi hapakuwa na nyumba, lakini pia hapakuwa na kiwanja. Mtu ambaye hajaona hawezi kuelewa. Jiwe jeusi linalofuka moshi, sawasawa mahali pote, na mipaka iko chini. Mpaka leo mimi na jirani tunabishana mwembe ulikuwa upande gani.

Fundi, mdogo wangu, wewe unasema sisi ndio jibu la ushuhuda wa yule mama. Nani alikuambia? Mimi naomba kila asubuhi. Naamini leo kuliko nilivyoamini kabla ya moto, na sababu zangu sikuambii hapa. Ninyi msioamini mnatuokota kama mawe ya kuwatupia Wakristo, na Wakristo wanatuokota kama mpaka wa muujiza wao, na jioni kila mmoja anarudi kwake kwenye bati. Hakuna aliyetuuliza.

Sasa na kwa upande wa kanisa niseme, kwa sababu huko ndiko kwangu. Baada ya kuungua tulihamia kwa shemeji mjini, nikasali kanisa la jirani. Jumapili ya kwanza nilikaa nyuma, na mtu baada ya mtu akaenda mbele kusema «Mungu ametupenda, moto haukutufikia». Nilikaa pale na nguo ya kuazima. Nilijiuliza kama na mimi nipige makofi. Nikapiga, kwa sababu wote wanakutazama. Baada ya ibada nilimfuata mchungaji, nikamwambia: baba, ukiwaacha waseme hivyo, unaniambia mimi sikupendwa. Nikamkumbusha Luka 13, wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Bwana mwenyewe aliuliza kama watu wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, na akajibu hapana. Mchungaji hakufurahi. Lakini mwaka uliofuata alibadilisha: kwanza wanaosimama ni walioungua, wanasema wanachotaka, hata kama ni malalamiko, halafu ndipo shukrani. Mzee mmoja alisimama akasema bado ana hasira na Mungu, akakaa. Hakuna aliyemkemea.

Dada Alto, mdogo wako anaumia kwa ajili ya watu wa Buhene? Vizuri. Amuache mama yake ale. Aje kwangu aniulize mimi Mungu aliniambia nini, nitamjibu, na akija na nyundo na misumari nitafurahi zaidi maana tumepewa bati na ukuta haujaisha.

---

Fundi_Ndosho aliandika:

Nimekusikia, mama. Hapo sina jibu, na sitalitafuta.

Swali moja tu la pembeni, kwa Wakristo wengine siyo kwako: kwa nini hatumlaumu mtu? Kituo cha kuchungulia volkano pale Goma kilikuwa kimepoteza ufadhili wa Benki ya Dunia mwaka 2020, wanasayansi wakakosa hata intaneti ya kupokea taarifa za vifaa. Watu walikufa, 30 na zaidi, na hakuna onyo lililotolewa. Kila mara tukisema ni Mungu, wale waliopaswa kulipa bili wanapumua.

---

Yesu_ni_Jibu aliandika:

Umeona? Sayansi yenu mnayoiabudu haikuonya. Mwisho wa yote ni Mungu tu.

---

Fundi_Ndosho aliandika:

Siiabudu, ndugu yangu. Nataka ilipiwe.

---

Mzee_Majengo aliandika:

Amani kwenu watoto. Mimi ni Mkatoliki wa zamani, na mlima huu umenikimbiza mara tatu: 1977, 2002 na 2021. Ile ya Januari 1977 ilikuwa ya haraka kuliko zote, ziwa la lava lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, watu wa vijijini hawakupata hata muda wa kufungua mbuzi.

Nawaambia hili kwa sababu Fundi na Yesu_ni_Jibu wanabishana kana kwamba jambo limeanza jana. Bibi zetu, kabla ya mapadri kufika, walisema ndani ya Nyiragongo ndimo zinamoungua roho za wabaya. Mlima ulipowaka walitafuta nani amekosa. Mapadri wakaja, tukabatizwa, mlima ukawaka 2002, na nikasikia wahubiri barabarani wanatafuta nani amekosa. Wakati huo walisema ni mabaa na wasichana wa mjini. Lakini kanisa kuu liliungua pamoja na mabaa, hilo Fundi amesema kweli, na mimi ndimo nilimofungia ndoa.

Pia msidhani kutoomba ni jambo geni lililoletwa na simu. Mimi nilibatizwa jina la mtakatifu. Mwaka 1972 Mobutu akatuambia majina ya Kizungu basi, nikaandikwa jina la babu. 1974 Noeli ikaondolewa kwenye sikukuu za taifa, tukaenda kazini tarehe 25 Desemba, na shule zikachukuliwa kutoka kwa makanisa, zikarudishwa baada ya miaka michache. Katika wakati ule kulikuwa na watu waliofurahi kimya kimya kwamba hakuna tena wa kuwauliza walisali wapi. Tuliwajua. Walikuwa wajomba zetu. Walipokea mahari, walizika watu, na hakuna ndoa niliyoona ikivunjika kwa sababu ya mkono uliopokea. Zilivunjika kwa pombe na kwa mali.

Binti yangu Alto, kwenye mahari mmeunganisha kazi mbili ambazo zamani hazikuwa za mtu mmoja. Kupokea ni kazi ya damu. Kuombea ni kazi ya anayeomba. Mdogo wako asimame, apokee kwa mikono miwili, aseme maneno ya wageni, amkabidhi mama. Kisha mama mwenyewe aombe. Kwani nani amesema mama hawezi kuombea mahari ya binti yake, yeye aliyelala nje Sake? Baba mdogo akitaka neno, mpeni sala ya kufungua kikao, atafurahi, mashemasi wanapenda kufungua.

Na huyo kijana nimtumie ujumbe kupitia kwako. Swali lake ni zuri, ila alilipeleka kwa mtu asiye na uwezo wa kulijibu, tena mbele ya watoto na sahani ya chakula. Swali kama hilo linapelekwa kwa mchungaji, mchana, wawili tu. Mchungaji akishindwa, ndiyo aseme.

---

Alto_wa_Katindo aliandika:

Sikutegemea kupata haya yote. Mzee, nimesoma ujumbe wako kwa mama kwa sauti, nilipofika pale «yeye aliyelala nje Sake» akaniambia nirudie.

Matokeo mpaka sasa. Jana nilipita Birere nikamkuta mdogo wangu amefungua simu ya mtu, sikuzungumza habari za Mungu kabisa. Nilimwambia: utapokea, mama ataomba, wewe simama tu. Akauliza nani ataomba baada ya chakula. Nikamwambia hakuna. Akasema sawa. Kisha nikamwonyesha maneno ya Mama wa Buhene. Alisoma kimya, akanirudishia simu, akauliza kama huyo mama ametaja ukuta ni wa upande gani wa barabara ya Rutshuru. Mama wa Buhene, nikutumie namba yake kwa faragha? Misumari atanunua, lakini nyundo kusema kweli hana, ni mtu wa bisibisi ndogo ndogo.

Mama nimemuuliza kama mwaka kesho anaweza kuanza ushuhuda kwa Minova badala ya Buhene. Amesema ataona. Akaongeza kwamba yeye haoni ubaya wa kumshukuru Mungu kwa nyumba iliyosimama, na mimi pia sioni, sikutaka kubishana naye.

Baba mdogo hajakubali. Anasema mwanamke haombei mahari, nikamwomba anionyeshe mstari, amesema atautafuta. Wageni wamethibitisha Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi. Kama kuna mtu hapa amekodi viti na mahema hivi karibuni, aniambie bei ya sasa, kwa sababu tangu vita vya Januari 2025 kila kitu mjini kimebadilika na yule tuliyemzoea hayupo tena.

---

Fundi_Ndosho aliandika:

Viti nina mtu Kyeshero, nitakuandikia faraghani. Taa na spika nafunga mimi, utalipa waya tu. Mwambie shemasi fundi ni mpagani, asije akashtuka nikiwa juu ya ngazi.